Mwendo wa Mtoto Mdogo

Kuna swali ambalo huonekana dogo, walakini ndani yake mna jambo kubwa. Nalo ni hili: je, yafaa baba na mama wa kikristu watwae siku yao ya mapumziko, wawachukue watoto wao wadogo, watoke nao mjini kwenda kutembea porini kwa miguu, bila kwenda kumtazama mgonjwa, bila kutafuta kuni, bila kuleta kitu chochote nyumbani jioni? Na kama yafaa, matembezi hayo yaende kwa mwendo wa nani? Wa baba? Wa kaka wakubwa? Au wa yule aliye mdogo kuliko wote?

Hapa kwetu Kolwezi, mbele ya kanisa baada ya Misa ya Dominika, tumesikia majibu ya namna tatu. Wa kwanza husema: «Hayo ni mambo ya Wazungu; mtu wetu hatembei bure.» Wa pili husema: «Maisha ni magumu, heri mtoto asaidie kutafuta chakula kuliko kuzunguka porini kama mbuzi aliyekatika kamba.» Wa tatu husema: «Pori lina nyoka, mto una mamba, na mashimo ya migodi yamejaa kila upande; baba mwenye akili huwaweka watoto wake uani.» Wanaosema hivyo si wapumbavu. Basi inafaa tuyapime maneno yao moja moja, ndipo tutafute jibu letu.

Tuanze na lile la kwanza. Ni kweli kwamba mabwana wa makampuni walikuwa wakitoka Dominika na watoto wao, wamebeba vikapu vya chakula, wakienda kuketi kando ya maji. Walakini Mzungu hakuvumbua miguu. Wazee wetu Wasanga, Walunda, Wandembo, Watshokwe na Waluba walikuwa watu wa njia. Mtu alikwenda siku nyingi kuoa, kuomboleza, kuuza chumvi na shaba, na mara nyingi watoto walikuwamo katika safari. Njiani ndipo mtoto alipojifunza jina la kila mti, uyoga upi huliwa na upi huua, ndege yupi huonyesha asali, na maji yapi yananyweka. Njia ilikuwa shule, na mwalimu wake alikuwa mjomba au nyanya.

Ni nini basi kilichobadilika? Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzoni iliwachukua wanaume peke yao, wengi wao kutoka mbali, na tangu miaka ya 1920 hata kutoka Rwanda na Urundi. Mwishoni mwa miaka ile ya 1920 kampuni iligeuza mpango: ikawataka wafanyakazi waje na wake zao na watoto wao, wakae katika kambi miaka mingi. Mwaka 1931 njia ya reli ya kutoka Lobito pwani ya Angola iliungana na reli ya Katanga, na tangu mwisho wa miaka ya 1930 mji wetu wa Kolwezi ulianza kukua juu ya uwanda wa Manika. Ndani ya kambi mlikuwa na nyumba, posho, shule, zahanati na kanisa. Hayo yalikuwa mema, na wengi wetu tumelelewa humo au na watu waliotoka humo. Lakini jambo moja lilipotea polepole. Kutembea kukawa ni kwenda kazini na kurudi tu. Leo mjukuu wa mtu aliyetoka Kasai kwa miguu hawezi kutaja majina matano ya miti inayoota nyuma ya nyumba yake. Basi mzazi anayemchukua mtoto wake porini haigi ugeni. Amekwenda kukiokota kitu cha wazee wake kilichoangushwa njiani.

Neno la pili ni zito zaidi, maana linagusa njaa. Hatutaki kusema maneno mepesi juu yake. Ziko nyumba katika mitaa yetu ambamo chakula cha jioni hakijulikani mpaka jioni yenyewe. Kanisa halimtwiki mzigo mtu mwenye njaa. Walakini tuitazame amri ya Mungu vema. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 20, Mungu anapoamuru siku ya pumziko hamtaji baba peke yake. Anawataja pia mwana na binti, mtumishi, mnyama wa kazi, na mgeni akaaye mjini. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba mtoto hahesabiwi kuwa ni mkono wa kazi tu. Iko siku ambayo kwayo Mungu mwenyewe anamsimamia mtoto mbele ya baba yake na kusema: leo huyu si wa faida, leo huyu ni wangu.

Na hapa Kolwezi neno hili si la vitabuni. Twajua sote kwamba watoto wetu wengi hutembea sana. Hutoka alfajiri na mifuko, wakaenda kuokota mawe ya kobalti na malakiti kwenye machimbo na kwenye malundo ya taka za migodi, wakayaosha mtoni, wakayabeba kwa wanunuzi. Mwaka 2014 shirika la UNICEF lilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa nchi yetu. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza kazi za namna hiyo. Walakini sheria haifiki kila shimo. Masista wa Mchungaji Mwema, waliokuja Kolwezi mwaka 2012, wamewapokea watoto wa namna hiyo na kuwafundisha. Na kila mwenye macho ameona tofauti kati ya mtoto anayekwenda shuleni na mtoto anayekwenda shimoni.

Basi tulinganishe matembezi mawili. Mtoto wa kwanza ana miaka minane. Anakwenda na mfuko mgongoni, akitazama chini tu, kwa maana jiwe lenye faida liko chini. Akichoka hakuna wa kumngoja, kwa maana anayekawia hupata bei mbaya. Mtoto wa pili naye ana miaka minane. Anakwenda bila mzigo, akitazama juu na chini na kando, na akichoka baba yake husimama. Miguu ni ile ile, vumbi ni lile lile, hata njia yaweza kuwa moja. Lakini yule wa kwanza ameufuata mwendo wa jiwe, na wa pili watu wamefuata mwendo wake. Hapo twaona kwamba matembezi yale yanayoitwa ya bure si ya bure. Humfundisha mtoto jambo ambalo bei ya kobalti haiwezi kumfundisha, yaani kwamba yeye ana thamani kabla hajaleta kitu.

Tena matembezi hayana gharama. Hatusemi watu wakodi gari waende mbali. Saa moja na nusu baada ya Misa, chupa ya maji, viazi vitamu na karanga katika kikapu, yatosha. Baba mwenye fedha ya kukaa kilabuni Dominika nzima asituambie kwamba umaskini ndio unaomzuia.

Neno la tatu ni la hatari, nalo lina haki ya kusikilizwa. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba busara ndiyo fadhila inayoziongoza fadhila nyingine. Ushujaa usio na busara ni ujinga, na busara isiyotoka nyumbani ni woga uliovaa nguo nzuri. Mzazi mwenye busara hasemi «hatuendi kwa sababu kuna hatari», wala hasemi «twende, Mungu atatulinda» huku amesahau maji. Huuliza: hatari ni zipi, ziko wapi, na wakati gani?

Tuzitaje basi. Hatari kubwa ya kwetu si simba. Ni shimo. Wachimbaji wa mkono wameacha visima vingi visivyofunikwa, na majani huvifunika wakati wa mvua. Kwa hiyo tusiwapeleke watoto karibu na machimbo, wala tusipite nyuma ya ua wa kampuni, wala tusikaribie mabwawa ambamo hutupwa maji machafu ya viwanda, hata kama rangi yake ni nzuri machoni. Ya pili ni vumbi lenyewe. Mwaka 2018 wataalamu wa Vyuo Vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza uchunguzi wao juu ya mtaa wetu wa Kasulo, ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Waliona kwamba wakaaji wa pale wana kobalti nyingi mwilini kupita wakaaji wa mtaa wa jirani, na kwa watoto jambo lilikuwa baya zaidi. Basi mtoto asitie mawe kinywani, na anawe mikono kabla ya kugusa chakula. Tena neno hili lageuza shauri la yule aliyesema watoto wakae uani. Kwa maana pengine ua ndio wenye vumbi, na pori ndilo lenye hewa safi.

Ya tatu ni maji. Lualaba na ziwa la Nzilo ni vizuri kutazamwa, lakini mtoto asioge humo: yuko mamba, na maji yaliyotulia huleta kichocho. Ya nne ni nyoka. Kifutu hulala njiani bila kukimbia. Basi mtu mzima atangulie, na mtoto asitie mkono katika tundu la kichuguu. Ya tano ni majira. Tangu Oktoba au Novemba mpaka Aprili mvua hupiga na radi pamoja, mara nyingi mchana. Basi tutoke asubuhi, na turudi mapema. Toka Mei mpaka Septemba mvua hakuna, lakini moto wa pori huenda kasi kuliko mtu, nasi tuko juu ya mita 1,400, kwa hiyo asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kweli na mtoto mdogo sharti avikwe vema. Tukiisha kuyajua hayo, hofu hupungua na kuwa uangalifu. Ndiyo kazi ya busara.

Sasa twafika kwenye swali letu la pili, nalo ndilo moyo wa jambo. Tukishatoka, twende mwendo wa nani?

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, twasoma habari za Yakobo alipokutana na kaka yake Esau baada ya miaka mingi. Esau alikuwa na watu 400, wanaume wa safari. Kwa ukarimu alimwambia ndugu yake wafuatane njia moja. Yakobo akakataa kwa upole. Alieleza kwamba watoto wake ni wadogo, na mifugo yake inanyonyesha, na wakikimbizwa hata siku moja watakufa. Akamwomba kaka yake atangulie, naye atafuata polepole kama wanyama na watoto wawezavyo. Wengine watasema: Yakobo alikuwa bado anamwogopa Esau, akatafuta njia ya kuachana naye, na kwa kweli alikwenda Sukothi, si Seiri. Na iwe hivyo. Walakini tazameni: hata kama ilikuwa ni kisingizio, kilikuwa kisingizio ambacho mkuu wa watu 400 hakuweza kukikataa. Esau, aliye mwindaji na mtu wa nyika, alijua kwamba mwendo wa mtoto ni sababu ya kutosha. Hakumcheka ndugu yake. Hakumwambia: «Wazoeze ugumu.»

Sheria hii twaweza kuitaja kwa maneno machache: safari ya jamaa hupimwa kwa miguu mifupi kuliko yote. Anayeweza kwenda upesi aweza pia kwenda polepole. Lakini anayeenda polepole hawezi kwenda upesi. Basi mzigo wa kujibadili umwangukie yule awezaye. Sheria hii si ya pori tu. Ndiyo sheria ya meza, ambapo aliyeshiba humngoja anayekula pole. Ndiyo sheria ya parokia na ya nchi.

Lakini hapa mwenye kufikiri atatuuliza: «Je, hamtaharibu watoto? Mtoto akijua kwamba akisimama wote watasimama, hatakuwa mfalme wa nyumba?» Swali ni la haki. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Jibu letu ni kwamba si kila kusimama ni kumoja. Anayetembea na watoto mara nyingi hutambua kusimama kwa namna tatu, na kila kumoja kuna jawabu lake.

Kuna kusimama kwa uchovu. Mtoto ananyamaza, uso unabadilika, anajikwaa mahali pasipo na jiwe. Hapo haki yake ni kupumzika, kunywa, au kubebwa. Kumkemea ni dhuluma, kwa maana hana nguvu anazozificha. Kuna kusimama kwa mshangao. Mtoto amewaona siafu wakivuka njia, amechuchumaa, hasikii akiitwa. Hapo haki yake ni kungojwa. Afadhali na baba achuchumae naye, kwa maana mtoto anafanya kazi ile ile Adamu aliyopewa, kuvitazama viumbe na kuvipa majina. Na kuna kusimama kwa ukaidi. Mtoto anataka karanga zote, au anataka njia ile na si hii, na macho yake yanamtazama mama kama mchuuzi anavyomtazama mnunuzi. Hapo haki yake ni kuambiwa hapana kwa sauti ya upole, na safari iendelee. Mzazi anayeyachanganya hayo matatu hukosa pande zote: humpiga aliyechoka, humkimbiza anayeshangaa, humbembeleza mkaidi. Na hakuna awezaye kuyatofautisha akiwa hatua mia mbele. Ni lazima aende karibu amwone uso. Basi kwenda kwa mwendo wa mtoto si kumpa mtoto utawala. Ni kumkaribia, ili utawala wetu uwe wa haki.

Kuna neno jingine ambalo sisi wanaume inatupasa kulisikia, ingawa halipendezi. Mara nyingi njiani twaona hivi: mama ana mtoto mgongoni katika kikwembe, kapu kichwani, na mtoto mwingine mkononi, baba ametangulia, mikono mitupu, au ana fimbo tu. Ukiuliza, utaambiwa ni desturi. Na desturi hiyo ilikuwa na maana. Zamani njia ilikuwa na chui na simba na maadui. Mwanaume alitangulia na mikono yake ilikuwa huru kwa sababu ya mkuki. Mikono mitupu ilikuwa ndiyo mzigo wake, maana angeweza kufa yeye kwanza. Lakini leo, katika njia ya kutoka mtaani kwenda kilimani, mkuki uko wapi? Maadui ni akina nani? Desturi iliyokuwa ulinzi imebaki kuwa mapumziko ya mmoja. Anayetaka kuishika desturi ya wazee kwa kweli na aishike maana yake: abebe lile lililo zito katika siku zake. Na siku hizi lililo zito ni mtoto wa miaka mitatu mwenye usingizi, kilometa mbili kabla ya kufika nyumbani.

Tena tuitazame Jamaa Takatifu. Mtakatifu Luka, katika sura ya 2, atuambia kwamba wazazi wa Yezu walikuwa wakipanda kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka, na Yezu alipokuwa na miaka kumi na miwili walikwenda naye. Wakati wa kurudi walikwenda mwendo wa siku nzima, wakidhani yumo katika msafara pamoja na ndugu na rafiki, kumbe hayumo. Wakarudi, wakamwona baada ya siku tatu. Twajua kwamba jambo lile lilikuwa na fumbo lake. Lakini twaweza kuchukua pia fundisho la kawaida: katika kundi kubwa, kila mmoja hudhani mtoto yuko na mwingine. Usemi wetu kwamba mtoto ni wa wote ni mzuri, lakini una mlango wa hatari. Kwa maana mtoto wa wote huweza kugeuka kuwa mtoto asiye na wa kumtazama. Basi parokia au chama kikitoka na watoto, kila mtoto mdogo apewe mtu mzima mmoja kwa jina, na wahesabiwe wakati wa kutoka, wakati wa kupumzika, na wakati wa kurudi. Kama Maria na Yosefu walipatwa na jambo hilo, sisi ni nani hata tusihesabu?

Sasa mtasema: huko porini mtoto ataona nini kilicho na faida kwa roho yake? Kwetu, zaidi ya mahali pengi duniani, majibu ni mengi. Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, majani mapya ya miombo hutoka mekundu kama shaba iliyosuguliwa, nchi ikiwa bado kavu. Mtoto atauliza maji yametoka wapi. Mvua zikianza, bowa huota chini ya miti, na viwavi huonekana juu ya majani. Kuna vichuguu virefu kupita nyumba, vilivyojengwa na mdudu asiyeona. Kuna Lualaba, ambao hapa kwetu bado ni mto wa kawaida, lakini ndio unaokwenda kaskazini kupitia makorongo ya Nzilo na maziwa ya Upemba, mpaka uwe mto mkubwa wa Kongo wenye kufika bahari. Pale Nzilo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ililijenga boma la kuzuia maji ili kupata umeme wa migodi, nalo likaitwa kwanza Delcommune. Mtoto aonaye mto na boma pamoja huona kazi ya Mungu na kazi ya mtu mahali pamoja, na aweza kufundishwa kuzipa kila moja heshima yake.

Tena kuna vile vilima vyetu visivyo na miti. Pori limevizunguka pande zote, lakini juu yake ni majani mafupi tu. Mtoto atauliza: «Baba, nani aliikata miti?» Jibu ni kwamba hakuna aliyeikata. Udongo wa pale una shaba nyingi mno, nayo ni sumu kwa miti. Walakini iko mimea midogo ambayo huvumilia udongo ule, na mmojawapo wenye maua ya rangi ya buluu na zambarau watu huuita ua la shaba. Wazee wetu walijua alama hizo. Walichimba, wakayeyusha mawe katika tanuru za udongo, wakamimina shaba katika umbo la msalaba, karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Na misalaba ile ilikwenda mbali sana katika biashara. Mahali pa tanuru zile za kale ua la shaba laota mpaka leo, na wataalamu wameyafuata maua hayo wakazikuta tanuru. Haya ni mafundisho ya namna gani kwa mtoto! Nchi yake haikuanza na kampuni. Babu zake walikuwa mafundi. Na mahali ambapo mti mkubwa umeshindwa kusimama, Muumba ameweka kitu kidogo ambacho hakishindwi. Mtoto aliyekiona kilima kile kwa macho, siku atakaposikia kanisani kwamba Mungu huwainua wanyonge, hatauliza maana yake.

Mwisho tumtaje mtu mmoja. Pier Giorgio Frassati alizaliwa Torino, Italia, mwaka 1901. Baba yake alikuwa tajiri mwenye gazeti. Yeye alichagua kusomea uhandisi wa madini, kwa sababu alitaka kuwatumikia wachimbaji, waliokuwa maskini kuliko wafanyakazi wengi. Siku za mapumziko alipanda milima na rafiki zake, wakisali Rozari njiani. Siku nyingine alipanda ngazi za nyumba za maskini akiwa na chakula na dawa. Alikufa mwaka 1925, umri wa miaka 24. Tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza kuwa Mtakatifu. Sisi wa nchi ya madini tunaye basi Mtakatifu aliyesomea madini na kupenda kutembea. Katika maisha yake mambo hayo mawili hayakupigana. Aliyezoea kumngoja mwenzake aliyechoka mlimani hakuona shida kumngoja maskini mlangoni.

Jibu letu basi ni hili. Ndiyo, yafaa kutembea na watoto. Na kwa yule mwenye nafasi twathubutu kusema yampasa. Si kwa sababu kila mtoto asiyepelekwa porini amedhulumiwa, lakini kwa sababu katika mji huu, ambamo kila kitu hupimwa kwa kilo na kwa asilimia za shaba, mtoto ana haki ya kuipata saa moja asiyopimwa. Na mwendo uwe wake.

Wazazi, msingoje safari kubwa. Dominika ijayo, jua likiwa bado pole, chagueni njia salama isiyo na mashimo, chukueni maji yaliyochemshwa, hesabuni watoto. Mwenye miguu mifupi atangulie hatua moja nyuma ya mtu mzima anayelinda njia, na wengine wote wafuate. Baba abebe atakayechoka. Na mtakapofika pale mlipotaka kufika, au hata msipofika, fanyeni ishara ya msalaba pamoja na kumshukuru Mungu, aliyetupatia miguu, na nchi ya kuikanyaga, na hawa wadogo wa kutupunguzia haraka.